Mboga Isiyotiwa Chumvi

Nyumbani, upande wa bahari
9 Februari

Wifi yangu mpenzi, Mpishi,

Kabla sijasema langu lolote nauliza kiuno chako. Mara ya mwisho kwenye simu ulisema masufuria ya kantini yamekula njama dhidi yako. Je, umepata mtu wa kukuinulia, au bado unajifanya msichana? Mimi kwa rehema za Mungu ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulionishikisha kalamu, maana simu ina haraka, na haya ninayotaka kukuambia hayataki haraka.

Najua Kufuli ameshakupigia. (Nisamehe. Ni kaka yako mkubwa, na ni shemeji yangu ninayemheshimu, lakini mtu anayefunga mdomo namna ile tumwite nani?) Amekuambia bahari imevuka tuta, na ni kweli. Lilikuwa bamvua kubwa, maji yale ya mwezi mpevu, na upepo ukayapa mkono. Yakakata tuta ambalo marehemu mume wangu alikuwa akiliongezea udongo kila mwaka mpaka alipougua. Yakaingia shambani yakakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Yalipoondoka, viazi, bamia na mchicha vilikuwa vimelala chini kama vimechemshwa.

Nimejaribu, wifi. Nimechota maji ya kisima nikamwaga, nikachota nikamwaga, ili kuosha ule ukoko mweupe. Udongo ukikauka tu, chumvi inapanda tena juu kunitazama. Sasa hata kisima chenyewe kina ladha ya machozi, na maji ya kunywa naenda kuomba kwa jirani wa kule mwinukoni.

Kufuli alipokuja hakukanyaga matope. Alisimama kizingitini na viatu vyake vinang'aa, akasema, "Shemeji, hapa pamekwisha."

Nikamwuliza, "Pamekwisha nini?"

"Pamekwisha kuwa shamba."

Akaniambia kuna mtu anataka kujenga ghala hapa, na mimi nitapewa chumba nyuma ya duka lake la vipuri. "Kina bomba ndani," akasema, na alivyolitamka hilo bomba ungedhani ni kiti cha enzi. Nakijua chumba chenyewe. Dirisha lake linatazamana na rundo la matairi. Simlaumu, wifi. Ananionea huruma kwa namna anayoijua. Lakini mimi nimekuja hapa bi harusi, na mikono yangu haijui kukaa pajani.

Sasa sikiliza. Pale pale tuta lilipokatika, kumeota kitu. Hakina majani kama tuyajuayo. Ni vijiti vinene, vya kijani, pingili juu ya pingili, vimejaa maji kama vidole vya mtoto mnono. Nimeviita Vidole. Zamani viliota kule nje kwenye uwanda wa chumvi na hatukuvijali. Nimevunja kimoja nikakitafuna. Kinavunjika meno yakisikia, na chumvi yake imo ndani. Nikachemsha rundo dogo nikachanganya na maharage, sikutia chumvi hata chembe, nikala nikalamba kijiko. Mbuzi wa jirani alikuja mwenyewe, hakualikwa, na sasa hafukuziki.

Shamba haliuziki bila sahihi mbili, yake na yako, maana ndivyo baba yenu alivyoacha. Nakuomba usitie yako kwanza. Nipe msimu mmoja niipande mboga hii tuone. Nimempa kondakta wa basi kopo lenye vipandikizi na udongo wake wa hapa hapa. Ujionee. Haina usumbufu, mimi wala siinyweshi, inajinywesha.

Nakuombea kila alfajiri, wewe na kiuno chako.

Wifi yako,
wa upande wa bahari


Mjini, jikoni kantini
2 Machi

Wifi yangu wa matope,

Salamu nimepokea na kiuno kinakushukuru, bado kipo, kinapiga kelele kama mlango wa zamani. Watu wa kantini hawana habari, wao wanachojua ni kwamba saa ya chakula ikifika sahani iwe imejaa. Wewe kwa upande wako naona umepata mume mwingine, maana barua nzima ni Vidole, Vidole. Umri huu, wifi! Tena anayekuja na maji!

Kopo limefika. Kondakta alinikabidhi kwa vidole viwili kama anashika panya. Akaniuliza, "Mama, hiki ni dawa au ni uchawi?" Nikamwambia ni shemeji yangu. Nimeliweka dirishani jikoni, kwenye jua la asubuhi, kati ya mizani na redio. Nilipouona ule udongo umeota ukungu wa chumvi, moyo uliniuma. Maskini mmea umetoka mateso kuja mateso! Nimeuosha udongo mpaka maji yakatoka safi. Na kila asubuhi kabla sijawasha jiko naunywesha maji ya bomba, maji matamu ya kunywa, ushibe. Umelegea kidogo kwa uchovu wa safari, lakini unakusalimia.

Sahihi sijatia. Kaka amenipigia, nimemwambia naumwa mkono. Akasema, "Mkono gani?" Nikasema, "Wa sahihi." Alikata simu bila kuaga, unamjua.

Lakini nikuulize, na usininunie. Unalinda shamba, au unamlinda marehemu? Maana kama ni kaka yangu, hayumo ndani ya tuta lile. Nami nikisikia upepo kwenye redio, watu wa hali ya hewa wakitaja pwani, mwiko unanidondoka. Nimeshazika kaka. Sitaki nipigiwe simu kwamba wifi naye ameamka maji yako kitandani.

Jibu hilo swali usilizunguke.

Wifi yako,
Mpishi


Nyumbani, upande wa bahari
30 Machi

Wifi yangu mwenye ulimi,

Nimecheka hapo kwa kondakta mpaka jirani akachungulia. Amani ya Mungu ikae nawe jikoni humo, na mwiko usikudondoke tena kwa ajili yangu. Nyumba iko juu, wifi. Maji yaliingia shambani, ndani hayakufika. Ila misumari ya paa imepata kutu, hilo sitalificha.

Umeniuliza, nami sizunguki. Mwanzo nilikuwa namlinda marehemu. Nilikaa kwenye lile tuta nikitazama pengo kama natazama jino lake lililong'oka. Nilipochota yale maji ya kisima nilikuwa namfanyia yeye, nikimwambia tazama sijaacha. Lakini siku nilipotafuna kile kidole cha kwanza, sikumwaza. Niliwaza maharage. Nikajishangaa, nikamwomba Mungu msamaha, halafu nikaona si dhambi. Mtu kuwa na njaa ya kesho, dhambi yake iko wapi?

Sasa nakuambia jambo, na likitoka kwako kwenda kwa Kufuli sina wifi tena. Baada ya barua yangu ya kwanza alileta vibarua wazibe pengo la tuta kwa mawe. Walipoondoka, ile sehemu ya ndani ikaanza kukauka, na Vidole vilivyokuwa huko vikanyong'onyea, huku vya nje ya mawe vinanenepa. Nilitazama majuma mawili matatu nisiamini ninachokiona. Kisha nikashika jembe nikayatoa mawe mwenyewe. Nimelifungua tuta, wifi. Tuta la mume wangu! Nilifanya kazi huku nasali.

Bamvua lilipokuja, maji yakaingia taratibu, yakapita katikati ya mistari yangu, yakakaa kidogo, yakarudi. Hayakuja na ugomvi, maana yana pa kuingilia na pa kutokea. Sasa napanda hivi: maji yakipwa, naingia peku, nakata ncha zenye urefu wa kidole cha kati, nazichomeka kwenye tope, nafinya. Basi. Kazi yangu imeishia hapo, iliyobaki anaifanya Mola na bahari yake.

Mama wa mgahawa wa kituo cha malori anachukua mafungu kwangu kila anapofika sokoni. Madereva walimlalamikia kwamba mboga yake ina chumvi nyingi. Akaapa kwamba hajatia. Wakabishana mpaka akawachemshia mbele yao kwa maji matupu. Sasa wanaita "mboga iliyojiunga yenyewe" na wanaongeza sahani.

Hilo kopo langu linaendeleaje? Uliandika limelegea. Limeshatoa vidole vipya?

Wifi yako,
wa upande wa bahari


Mjini
19 Aprili

Wifi,

Natumaini u mzima. Barua hii ni fupi kwa sababu haipendezi.

Kopo limekufa. Si jana. Lilianza kupauka wiki ileile niliyokuandikia kwamba linakusalimia. Nilikudanganya, nilidhani litapata nafuu. Nikaongeza maji. Nikalisogeza juani, nikalirudisha kivulini, nikalitilia hata maji niliyoyachemsha nikayapoza, kama ya mtoto mchanga. Vijiti vikawa vya manjano, vikawa laini, vikalala. Nimelitoa nje nyuma ya jiko, sitaki kulitazama.

Sasa nifikirie mimi. Mmea uliopata dirisha, jua, maji safi na mtu wa kuuhangaikia umekufa mkononi mwangu. Huo ulioko kwako, unaopigwa na upepo na maji ya chumvi, utadumu mpaka lini? Leo umenenepa. Kesho je? Na wewe umefungua tuta. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilikaa chini kwenye gunia la vitunguu.

Nimempigia Kaka. Sikumwambia habari ya tuta, siri yako ni siri. Nimemwambia aendelee, nitatia sahihi. Atakuja na mnunuzi mwishoni mwa Juni, mambo yao yakikamilika.

Nichukie ukitaka. Bora unichukie ukiwa kwenye chumba kikavu.

Wifi yako,
Mpishi


Nyumbani, upande wa bahari
6 Mei

Wifi yangu mpendwa,

Nakuombea afya na utulivu wa moyo, hasa moyo, maana najua ulivyoandika ile barua ulikuwa umebeba jiwe. Niliisoma nimekaa. Nikaisoma tena nimesimama. Halafu nikaenda kukata mboga kwa sababu mama wa mgahawa alikuwa ananisubiri na sikujua la kufanya na mikono.

Sikuchukii. Ningekuchukia ungesema unataka sehemu yako ya mauzo, lakini wewe umesema unaniogopea. Mtu atamchukiaje anayemwogopea? Nimelia, hilo ni kweli. Kisha nimemwambia Mungu: kama ni kuondoka, nitoe taratibu kama unavyoyatoa maji, usinivute.

Nimeanza kukunja vitu. Ile meza kubwa haitaingia kwenye chumba cha Kufuli, nitampa jirani. Mbuzi wake nitamwachia wosia.

Na nitakuambia kitu ambacho kingekuwa rahisi kukificha. Huenda umeona mbali kuliko mimi. Vidole vimeanza kuwa vyekundu. Kwanza ncha, sasa na pingili za chini. Upande wa nje wote umekuwa kama mtu aliyeanika khanga nyekundu. Ni vizuri kutazama, lakini mmea kubadilika rangi si dalili njema, hata mtoto anajua. Nimemwuliza mama wa mgahawa, akasema madereva hawataki vile vyekundu, ni vigumu, vina miti ndani. Nimebaki nakata vya katikati, vilivyo bado kijani, navyo si vingi.

Labda nilikuwa nafurahia kitu kinachokufa polepole. Ningependa mtu wa kuniambia, na hapa hakuna anayejua mboga hii zaidi ya mbuzi.

Usijilaumu kwa ajili ya kopo. Ulilitunza.

Wifi yako,
wa upande wa bahari


Mjini, jikoni kantini
12 Juni

Wifi! Wifi! Wifi!

U hali gani, hujafungasha? Kama umefungasha, fungua. Hiyo meza kama umeitoa, kaichukue, umwambie jirani mpishi ameamuru.

Nyuma ya jiko letu kuna mfereji. Kila asubuhi naloweka samaki wa chumvi ili wapoteze ukali, na yale maji namwaga mferejini. Kopo lako nililitupa kando ya mfereji huo, na mimi ni mvivu wa kuinama, kiuno unakijua, kwa hiyo namwaga nikiwa nimesimama, na nusu ya maji inaenda kokote. Wiki mbili zilizopita yule mama anayenisaidia kukata samaki ananiita. "Mpishi, njoo umwone mgonjwa wako anakula samaki!"

Nikadhani ni paka. Nikatoka na mwiko.

Wifi, kopo limechipua! Vile vijiti vya juu vilikufa kweli, lakini pale chini, kwenye kisiki, vimetoka vidole vipya, vinene, kijani mpaka vinang'aa, na vinanuka kama soko la samaki. Nilikaa pale pale juu ya ndoo. Mama wa samaki akasema, "Ulikuwa unampa maji matamu? Basi ulikuwa unamnyima chakula." Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza, ameshawasimulia kantini nzima, sasa nikipita wananiuliza kama leo nimemwagilia maua yangu mchuzi.

Sikuamini mara moja. Nimegawa kopo, nusu nikaiweka kwenye kopo jingine na kuipa maji ya bomba kama zamani, nusu nikaiachia maji yake ya samaki. Ile ya bomba imeshaanza kusinyaa. Ile ya samaki inanicheka.

Kwa hiyo si chumvi iliyoua. Ni mimi, na huruma yangu, na bomba langu. Nikakumbuka kile chumba cha nyuma ya duka, kilicho na bomba ndani. Sitasema zaidi, una akili.

Kuhusu wekundu sijui kitu, langu bado ni changa. Lakini mimi nilishazika kitu kikiwa hai, kwa hiyo nakusihi usikimbilie kuzika.

Nimempigia Kaka, nimemwambia sitii sahihi. Alinguruma. Akasema, "Mwezi wa nne ulisema ndiyo. Mwezi wa sita unasema hapana. Wewe ni mtu au ni upepo?" Nikamwambia mwezi wa nne nilikuwa mjinga. Akaniuliza nani amenielimisha, ningemwambia samaki? Amesema atakuja hivyo hivyo na mnunuzi wake, akishaona kwa macho yake na mnunuzi akiridhika atanifuata huku na karatasi, tutazungumza ana kwa ana. Unajua ana kwa ana na Kaka ni yeye kukaa kimya mpaka wewe ukubali.

Nitashikilia niwezavyo. Lakini akirudi na maneno kwamba pamekufa, sijui kama nitamweza. Hapo utamweza wewe. Mwonyeshe!

Wifi yako mjinga,
Mpishi


Nyumbani, upande wa bahari
4 Julai

Wifi yangu, mpishi wa samaki na maua,

Nakusalimu kwa jina la Yeye asiyechoka na sisi. Natumaini kantini wamekuachia upumue, na kwamba yule mama wa samaki umempa shukrani yake, maana kamwokoa mtu asiyemjua. Mimi ni mzima, miguu imevimba kidogo kwa kusimama majini, lakini nacheka. Kaa chini nikusimulie.

Walikuja alasiri, Kufuli na mnunuzi, bwana mmoja mfupi mwenye miwani na kamba ya kupimia. Mimi nilikuwa nimeoga, nimevaa vizuri, nimesali, nimepika. Nilikuwa nimejiandaa kuwaonyesha kila kitu. Lakini nilisahau kutazama mwezi.

Shamba karibu lote lilikuwa jekundu, wifi. Kufuli alifika kizingitini, akasimama palepale alipozoea. Akatazama. Akafunga macho akayafungua. "Shemeji," akasema, "umeniunguzia shamba?"

"Halijaungua. Limekomaa."

"Limekomaa kitu gani?"

Nikaingia peku nikavunja tawi jekundu, nikalisugua kiganjani mbele yake. Hili nililigundua baada ya barua yako, ulipoandika nisikimbilie kuzika. Nilikwenda kuvichunguza vile vyekundu pingili kwa pingili badala ya kuvilalamikia. Ndani ya zile pingili ngumu kuna mbegu, ndogo kama vumbi la unga. Haikuwa inakufa, wifi. Ilikuwa inazaa. Nikampulizia zikamrukia kwenye shati. Nikafunua chini, kwenye tope, nikamwonyesha zile zilizodondoka mwanzo zimeshaota, kijani kama nywele za kichanga.

Akazipangusa shatini, moja moja.

Yule bwana mfupi hakuwa na habari na mbegu. Alikuwa anavuta kamba yake kutoka ukutani kwenda upande wa bahari, anahesabu kwa sauti, na akageuka kutazama kwa nini soksi zake ni baridi. Bamvua lilikuwa limeingia. Maji yalikuja kimya kimya kupitia pengo kama kawaida yake, yakapita kwenye mistari, yakamfika kwenye vifundo.

"Haya maji yanatoka wapi?" akauliza.

"Baharini," nikamjibu. Ningesema nini?

"Na huja mara ngapi?"

"Mwezi ukijaa, na mwezi ukiandama. Hayajawahi kusahau."

Akamtazama Kufuli. "Mzee, umeniambia tuta limezibwa."

Kufuli akanitazama mimi. Nikasema, "Mawe aliyaleta yeye. Aliyeyatoa ni mimi. Asilaumiwe."

Yule bwana akakunja kamba. Akasema yeye anataka kuhifadhi simenti, si kufuga samaki. Akatoka majini, akaenda kukaa kwenye gari, na akawa anapiga honi.

Tukabaki sisi wawili. Nilingoja anipasue. Yeye akainama, akavua viatu vyake vile, akavipanga kizingitini kisigino kwa kisigino, akakunja suruali. Akaingia majini. Sijawahi kuiona miguu ya Kufuli tangu niolewe, myeupe kama mizizi! Akatembea mpaka mwisho wa mistari na kurudi, anagusa gusa vile vya kijani.

"Nani anakula?"

"Madereva wa malori. Mbuzi. Mimi."

"Nipe."

Akala maharage yangu amesimama mlangoni, honi inalia. Akataka chumvi, nikamwambia onja kwanza. Akaonja. Akanitazama kama nimemtania. Akamaliza sahani, akanyoosha mkono na sahani tupu, nami nikajaza.

Ndipo akasema, nami nakuandikia kama alivyosema: "Siku uliyoletwa hapa nilimwambia ndugu yangu, huyu wa mjini hatamaliza mwaka. Akaniambia, subiri uone." Akafuta mdomo. "Nimesubiri sana."

Mnunuzi mwingine hatamtafuta, wifi. Amesema shamba halitauzwa mimi nikiwa nalilima, na mimi nimemwambia basi ajiandae kungoja, kwa sababu nina nia ya kuishi. Hapo alitabasamu, au alikuwa na kipande cha maharage kwenye jino, sina hakika. Lakini ana sharti. Amesema mdogo wake amebadilisha neno mara mbili kwenye simu na yeye haamini tena simu. Anataka uje mwenyewe, ukanyage, ule, uone, halafu tukae watatu tuandike makubaliano kwamba sehemu hii ni yangu kulima maisha yangu yote, na sahihi yako na yake zikae chini yake. Amesema hata kama mkono wa sahihi unauma.

Njoo bamvua lijalo, maji yakishatoka, maana ndipo nitakapopanda mbegu na vipandikizi upande wa pili wa pengo na ninahitaji mtu wa kunichekesha. Mama wa samaki njoo naye akiweza. Usilete viatu vizuri. Nitakukandia kiuno kwa maji ya moto jioni, na hutanyanyua sufuria hata moja, nakuapia.

Wifi, nijibu mapema, uniambie ni wiki gani utakuja, ili nimwambie Kufuli asipange safari nyingine.

Wifi yako,
wa upande wa bahari